Vipande Mia na Nane vya Enid Thackray

Enid Thackray, fundi wa mashine za kufulia hapa Rotherham, Uingereza, alinunua seti ya spana ya vipande mia na nane. Spana namba kumi, ambayo anaihitaji kila siku, haikuwemo, ila misumari ya kutundikia spana ukutani ilihesabiwa kama vipande. Jumamosi akairudisha dukani.

"Sanduku limeshafunguliwa, mama. Haturudishi pesa," alisema muuzaji.

"Basi tuhesabu pamoja, mpenzi," alisema Enid; hapa kwetu kila mtu huitwa mpenzi.

Akaanza kupanga misumari kwenye kaunta, mmoja mmoja, kwa sauti. Foleni ikafika mlangoni. Watu wetu hawagombani kwenye foleni, hukohoa tu. Alipofika thelathini, duka zima lilikuwa linakohoa, na meneja akamrudishia pesa zote.

Spana namba kumi aliinunua kwangu, sokoni. Nilimpunguzia peni hamsini, si zaidi.