Vidonge Vyekundu vya Mama Odia

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa nyumba ya kuzalishia hapa Kamina alinikabidhi aproni, pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, na onyo moja.

"Weye Ngoie, bamama banadanganyaka," alisema. "Haina juu ya ubaya, ni juu ya woga. Usiamini kitu kama haujakiona na macho."

Nyumbani nilikuwa nikisemwa kwa kushuku watu. Nililipokea onyo lile kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuishi na tabia yake. Mama aliyesema ana mimba ya miezi saba, nilimpima tumbo kwa utepe. Aliyeapa hajanywa dawa ya mizizi, nilinusa pumzi yake. Waliniita Mama Macho, na jina hilo halikuniudhi hata kidogo.

Nilipelekwa Kaniama kwa miaka michache, kisha nikarudi Kamina nikiwa mkunga mkuu. Wakati huo vidonge vya vitamini A vilikuwa vimeanza kuja kwa watoto: vya buluu kwa wachanga wa miezi sita na zaidi, vyekundu kwa waliofikisha mwaka. Ni vidonge laini vyenye mafuta ndani. Unakata ncha kwa mkasi, unamkamulia mtoto mdomoni, ganda unalitupa.

Daktari mkuu wa eneo ndiye aliyetueleza kwamba kazi ya vitamini hiyo huanza hata kabla ya kuzaliwa. "Mapafu ya mutoto mu tumbo inaanza ka kamurija kadogo," alisema. "Kisha inatoa matawi, na matawi ya matawi. Vitamini A njo inasaidia ijigawe. Ikikosa, mutoto anaweza kuzaliwa na mapafu ya zaifu."

Nikamuuliza nani ameyaona hayo tumboni. Akacheka. "Madame Ngoie, weye ni dada ya Tomaso, ule wa kukatala kuamini mupaka aguse."

Ijumaa nilikuwa nafundisha wajawazito. Familia zetu za mjini, watu wa kanisa na ofisi, waliona aibu ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, yakiwa mekundu, eti harufu yake inashika nguo. Waliyachoma sufuriani mpaka yawe meupe kama maji, na vitamini yote ikaungua humo. Ijumaa moja niliwafokea.

"Munachoma mapafu ya batoto benu! Bila vitamini A, mapafu haijengake!"

Nikawaambia watumie mafuta mekundu na matembele, nikafunga somo. Daktari alikuwa ametuonya kwamba vidonge vile vikali si vya mjamzito, maana kiasi kikubwa miezi ya mwanzo kinaweza kumharibu mtoto uso, hata moyo. Hilo sikulitaja. Nani angekunywa dawa ya mtoto?

Mwezi uliofuata tukagawa vidonge kwa watoto wa mtaa. Mama Odia, mama wa Kikasai aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu, alikuja asubuhi na mtoto mgongoni. Kesho yake akaja na mwingine. Siku ya tatu akaja na wa tatu, na mimi nilijua nyumbani kwake hamna mtoto. Wawili aliowazaa walikufa kila mmoja siku yake ya kuzaliwa, mbavu zikivutwa ndani kwa kutafuta hewa. Nilikuwapo mara zote mbili.

Nikaamini anaiba vidonge akauze sokoni. Mtoto akilia, tulikuwa na desturi ya kumpa mama kidonge kilichokatwa amkamulie mwenyewe. Odia akakichukua, akageuka ukutani. Nilimfuata, nikamshika kidevu mbele ya watu. Midomo ya mtoto ilikuwa mikavu. Yake iling'aa mafuta.

"Unaiba dawa ya batoto ba bengine?"

"Mama, nisamehe," alisema, machozi yakimtoka. "Ni juu ya huyu wa mu tumbo. Ni weye njo ulisema, bila vitamini mapafu haijengake. Minyi sitaki kuzika wa tatu."

Vitatu vilikuwa vimekwisha kumezwa. Nikampeleka kwa daktari. Daktari alipouliza mama huyu ametoa wapi wazo hilo, nilijibu upesi, "Maneno ya soko." Odia alinitazama. Daktari akasema hakuna la kufanya ila kungoja.

Niliingoja mimba ile kuliko zangu mwenyewe. Siku ya kuzaa niliwatoa wengine chumbani. Mtoto alitoka na kulia kwa nguvu, na mimi, badala ya kumkabidhi kwa mama yake, nilipitisha kidole kwenye kaakaa lake, nikakagua masikio, nikasikiliza moyo mara mbili. Sikuona kasoro. Odia akampa jina langu, akatangaza mtaa mzima kwamba vidonge vyangu vimemponya. Ijumaa iliyofuata niliwakataza wajawazito wote kuvigusa. Lakini kwamba kosa lilitoka kinywani mwangu, sikumwambia mtu, hata Odia.

Sasa nimestaafu. Nakaa nyuma ya reli, nashuku wauza unga wa mahindi na vipimo vyao. Ngoie mdogo hunitembelea, na kila akikohoa mimi hutega sikio. Juzi alikuja na chupa ya mafuta ya ngazi, mekundu, na mimba ya miezi miwili.

"Mama, unitafutie na minyi vile vidonge vyekundu. Njo vilinijenga mapafu, mama alinielezaka."

Nilimkalisha. Nilimwambia kwamba vingeweza kumharibu, kwamba kupona kwake hatukujua ni kwa nini, kwamba mama yake alivimeza kwa sababu mimi nilifundisha nusu ya somo, kisha nikamdanganya daktari na kumwacha Odia abebe aibu peke yake.

Akanitazama mdomoni, kama nilivyomtazama mama yake siku ile.

"Na hii unanipashia sasa, iko yote?" akauliza. "Ao ni nusu tena?"

"Iko yote," nikasema. "Lakini usiniamini. Twende kwa daktari, ukasikie mwenyewe."