Nilivyorusha Ndege Ukweni Kolandoto

Jamani, aibu hii naileta mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu wa Kolandoto, maana kule wameshaitia chumvi mpaka wanasema nilivaa na kofia ya rubani. Sikuvaa kofia. Nilivaa shati jeupe la kuazima na suruali ya kitambaa, nikakaa juu ya gunia la karanga kwenye chumba cha ukweni, siku ya kutoa posa, nikawatangazia abiria kwamba tunaingia mawinguni, na walionisikia ni baba mkwe, mama mkwe, shangazi yake mchumba na majirani wote waliokuwa uani.

Naitwa Masanja, kazi yangu ni karashani, pale Katoro, Geita. Kwa asiyelijua, karasha ni lile dude la chuma linalosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga, na likishawaka unamwona mwenzako anachezesha midomo tu, kwa hiyo sisi watu wa karasha tunaongea kwa kupiga kelele hata kanisani (padri ameshatuzoea, anatupanga viti vya nyuma). Lakini katikati ya vumbi lile mimi nilikuwa na yangu moyoni. Ndege zinapita juu yetu zikielekea Mwanza, husikii kitu, unaiona tu inateleza taratibu, nyeupe, safi, kama haina haraka na mtu yeyote, nami nasimama na koleo mkononi nikijiuliza yule aliyekaa dirishani kule juu anatuonaje, anaona mabati na vumbi tu, au na mimi pia naonekana? Nilikuwa natamani mpaka kifua kinauma. Ndipo nikajifunza gemu la kurusha ndege kwenye kompyuta, na kila jioni nikishaoga nilikuwa rubani.

Shida ilikuwa laptop yangu ya zamani. Feni yake ilikuwa inanguruma kiasi kwamba Kabula akinipigia simu anauliza, "Masanja, mpaka saa hizi uko karashani?" (Kabula ndiye huyo mchumba, binti wa Kolandoto, anauza vitenge mjini Shinyanga, na nilimpenda siku aliponiambia nipunguze sauti kwa sababu yeye si kiziwi.) Nikimwambia niko chumbani kwangu nimetulia, haamini, anadhani niko baa na mashine ya kusaga iko nje. Wivu ukaanza kuota mizizi, nami nikaamua kwamba kabla sijaingia ukweni nitakuwa na kompyuta ya kimya.

Basi asubuhi ya safari, kabla ya basi kuondoka, nikapita kwa Hamisi, muuza kompyuta, ambaye duka lake limepakana ukuta kwa ukuta na uwanja wa makarasha. Hamisi ni mtu mwema, hakunidanganya hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinitolea mbili. Moja nyembamba, akaniambia haina feni kabisa, kimya chake ni cha uhakika, ila ndege yangu itakuwa inakwenda kwa kushtukashtuka. Ya pili nene, nzito, ina uwezo wa picha kubwa. Akaiwasha. Weee! Nililiona ziwa jamani, maji yanameremeta, kivuli cha ndege kinatembea juu ya maji, nikasahau kama nina safari.

"Hii ya gemu lazima ipumue, kaka," Hamisi akanipigia kelele sikioni. "Feni yake ina sauti. Nenda nayo mahali palipotulia uisikilize kwanza!"

Nikainama, nikaweka sikio kwenye ile nene. Kimya. Nikaweka sikio kwenye nyembamba. Kimya vilevile. Sasa kama zote kimya, mtu mwenye akili timamu anachukua ipi? Nikamwambia Hamisi masikio yangu nayajua mwenyewe, nikalipa, nikaitia begini pamoja na hedifoni kubwa za kufunika masikio. Nyuma yangu makarasha matano yalikuwa yanasaga mawe. Wala sikuyakumbuka, maana ukishaishi nayo unayasikia kama unavyosikia mapigo ya moyo wako, yaani huyasikii.

Mshenga wangu alikuwa mjomba Maganga. Njia nzima mpaka Shinyanga, na kutoka Shinyanga mpaka Kolandoto, alikuwa ananisomea masharti. "Watu wa machimbo tuna jina baya," alisema. "Kelele, pombe, kuhamahama. Sasa mimi wazee wale nimeshawaambia kijana wetu ni mkimya, hata nzi akitua juu yake hamfukuzi. Kwa hiyo leo wewe huna mdomo. Ukitaka kukohoa, meza." Nilitikisa kichwa. Nilikuwa nampenda Kabula kiasi kwamba angeniambia nimeze na begi ningemeza.

Tulipofika nikaamkia shikamoo moja ya chini chini, nikaitikiwa marahaba, nikaelekezwa kwenye chumba cha stoo, kwa sababu mwoaji hakai wazee wanapozungumza, na zaidi ya hapo kwa Wasukuma mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, kwa hiyo mahali pangu palikuwa pale, na gunia la karanga, na sanduku tupu la bati, na mlango umerudishwa. Nyumba haina dari. Kuta zinaishia njiani kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila neno. Wakazungumza mvua. Wakazungumza pamba. Wakazungumza ng'ombe wa mtu fulani aliyevunjika mguu. Kila baada ya muda mjomba anaingiza, "Na kijana wetu huyu ni mkimya sana," na kila akisema hivyo baba yake Kabula, Mzee Shija, anaguna. Mguno mmoja mzito, halafu wanarudi kwenye pamba.

Mguno ule ulinitoa jasho. Nikajisemea, Masanja, ukikaa hivi utazimia, ruka kidogo tu, toka Mwanza nenda Bukoba, moyo utulie, kompyuta yenyewe si ya kimya? Nikaiweka juu ya sanduku la bati, nikavaa hedifoni zangu, nikawasha.

Na mimi niwaambie ukweli, nilikuwa na raha siku ile ambayo sijaipata tena. Nilipaa polepole, Mwanza ikabaki nyuma na mawe yake, ziwa likafunguka lote mbele yangu, bluu, halina mwisho. Upande wa kushoto nikajiambia pale ni Nkome, nikaona kwa macho ya moyo mitumbwi imelala mchangani na dagaa wameanikwa wanang'aa kama shilingi mpya, na akina mama wanawageuza, na mmoja wao anainua kichwa kuniangalia. Kabula alikuwa amekaa kiti cha mbele, dirishani, amevaa kitenge cha njano, ameshika mkono wangu (najua rubani hashikwi mkono, niacheni). Hofu yote ikayeyuka. Kule juu hakuna vumbi, hakuna mguno.

Yaliyokuwa yanatokea upande wa pili wa ukuta nilisimuliwa baadaye na Kabula mwenyewe, aliyekuwa jikoni. Wazee walisikia ngurumo. Ile feni, juu ya lile sanduku tupu la bati, chini ya mabati yasiyo na dari, ilikuwa inalia nyumba nzima. Mzee Shija akainua uso, akasema, "Nyuki." Wote wakakubali ni nyuki, wamehamia stoo, tena kundi kubwa. Mjomba akasema, "Kijana wetu yumo humo!" Shangazi Holo, dada yake Mzee Shija, akajibu, "Na kweli ni mkimya, mbona halii?" Wakadhani nimeshakufa. Shangazi akakimbia jikoni, akaweka kinyesi cha ng'ombe kikavu juu ya kigae chenye makaa, akausogeza mlango kidogo, akaingiza moshi.

Mimi nikaona mawingu.

Naapa nilidhani ni mawingu. Nilikuwa nakaribia Bukoba, kioo kina mawingu, na chumba nacho kikaanza kujaa weupe taratibu kutoka chini, nikasema moyoni Hamisi huyu ni kiboko, kompyuta gani hii inatoa mpaka na harufu! Na kwa vile rubani mwema hawaachi abiria wake wahangaike, nikafungua mdomo, na masikio yamezibwa, na sauti ni ile yangu ya karashani.

"Abiria wapendwa! Rubani wenu Masanja nazungumza! Tunaingia mawinguni, msiogope! Fungeni mikanda, mimi niko hapa, hakuna atakayepotea! Na pale mbele mnamwona mke wangu Kabula, leo ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege, naomba tumpigie makofi! Nampeleka mbali, ng'ambo ya ziwa, lakini msiwe na wasiwasi, tutafika salama!"

Mlango ukafunguka wote. Moshi ulipopungua nikawaona wamejipanga: Shangazi Holo na kigae chake, mjomba ameshika kichwa, Mzee Shija na fimbo, nyuma yao majirani, na nyuma kabisa mama mkwe, ambaye alipogundua mkwewe yu hai na anamtazama, aligeukia ukutani na kujifunika kitenge. Nikavua hedifoni. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaisikia ile kompyuta ya kimya. Mungu wangu!

"Unampeleka wapi mwanangu?" akauliza Mzee Shija.

"Bukoba, mzee," nikajibu, bado kwa kelele.

Shangazi akachungulia kioo, akazunguka nyuma ya kompyuta, akarudi. "Abiria wenyewe wako wapi?" Nikamwambia hawapo, shangazi. "Na mke je?" Nikamwambia naye bado hayupo. Majirani wakaangua kicheko, mwingine akaketi chini kabisa. Nilitamani sakafu inimeze. Niliona Kabula anakwenda zake, naona kabisa nakaa karashani mpaka uzee, na Kabula yuko kwa mwanaume mwingine mwenye akili zake.

Hapo mama mkwe akasema, uso bado ukutani, akimwambia Shangazi Holo lakini sote tukisikia. "Muulizeni huyo. Watu ambao hawapo anawaambia wasiogope. Sisi ambao tupo, na tunaogopa, mbona tangu amekuja hajatuambia neno?"

Kicheko kikakatika. Huyu mama anaitwa Mama Mbuke, na mimi nilijua tu kwamba Mbuke ni dada mkubwa wa Kabula na ameolewa mbali. Sikuwahi kuuliza mbali wapi. Mzee Shija akakaa juu ya gunia langu la karanga.

"Mbuke tulimwoza kwa mtu mkimya," alisema. "Alikaa chumba hikihiki, mpole, hakukohoa. Tukafurahi. Akamchukua, wakaondoka, na ukimya wake akaondoka nao. Simu haipatikani, mtu wa kumuuliza hatuna. Hatujui kama binti yetu anakula. Leo kila mjomba wako alipokusifia ukimya, nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia aichukue posa yake aende."

Mjomba Maganga akaangalia vidole vya miguu yake.

"Sasa kama una sauti," Mzee Shija akaendelea, "sema na sisi."

Nilisema. Sikupanga, sikuremba, na sauti ya chini nilijaribu nikaikosa, kwa hiyo nilipiga kelele huku machozi yananitoka (moshi, niliwaambia). Nikasema nampenda. Nikasema Katoro siyo ng'ambo ya ziwa, basi linafika. Nikasema kila Jumapili nitapiga simu niwaambie yuko vipi, na nikikosa salio nitakuja mwenyewe. Mbwa wa jirani akaanza kubweka. Nilipomaliza Mzee Shija akawageukia wenzake, akawaambia, "Huyu angalau akipotea tutamsikia."

Posa ikapokelewa, na faini ya mbuzi juu yake kwa kosa la kumwita binti wa watu mke wangu kabla ya wakati. Mjomba hakuniongelesha mpaka tumefika Katoro. Kompyuta ile nilimrudishia Hamisi, nikachukua nyembamba, na ndege yangu sasa inakwenda kwa kushtukashtuka, na nimeapa kwamba maadamu naishi sitawasha gemu nyumbani kwa wakwe, hata nipatwe na woga gani. Kolandoto nzima wananiita Lubani, yaani rubani kwa ulimi wa Kisukuma, watoto kwa wazee, nami naitika.

Na tangu tuoane, kila Jumapili napiga simu. Mama Mbuke anaipokea mwenyewe. Kwa heshima ya ukwe hasemi kitu, nasikia kuku wa uani na pumzi zake tu, nami namweleza Kabula amekula nini, amelala vipi, amegombana na mimi kwa sababu gani, napiga kelele mpaka Kabula anakimbilia nje. Nikishamaliza yeye hakati. Anabaki kwenye simu muda mrefu, kama anasubiri na yule mwingine, aliyemchukua Mbuke, aseme, halafu anakata.