Siku Niliyopiga Windo Kompyuta ya Mke Wangu

Kwa miaka kumi na minne nimekula kwa kupiga windo. Kwa asiyeijua kazi hii: kompyuta inayosumbua inafutwa mfumo wake wote, unawekwa mwingine kutoka kwenye flashi, na baada ya saa moja na nusu mteja anarudishiwa mashine nyepesi kama imetoka dukani. Inaganda? Tunapiga windo. Ina virusi? Tunapiga windo. Printa haionekani? Badala ya kutafuta kwa nini haionekani, tunapiga windo. Mafundi karibu wote wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, tumefundishana hivyo, na sijawahi kumsikia mteja akiuliza ugonjwa ulikuwa nini. Anataka ipone, basi.

Tena tulikuwa na kinga yetu. Kila mashine inayopita mikononi mwetu tunaigawa diski yake mafungu mawili, C na D. C ni ya mfumo, D ni ya mwenye mashine. Ukipiga windo unafuta C, D huigusi. Kwa hiyo makarani, walimu, katekista na ustadhi wa madrasa wote niliwaambia neno moja: cha maana weka D. Nililisema kwa sauti nzito, kama mtu anayeacha wosia.

Mke wangu nilimwambia hivyo hivyo nilipompa laptopu yake, ambayo niliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye mashine mbili mbovu. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa kujitolea katika sekondari moja, mwaka wa sita akisubiri ajira. Kila nafasi zikitangazwa aliomba. Kila majina yakitoka tuliyasoma yote, mimi kwenye simu yangu na yeye kwenye yake, halafu kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana kazi ya kufanya uani. Nayasema haya ili ieleweke kwamba alipoanza kujifunza kuandika programu hakuwa anacheza.

Mimi nilidhani anacheza. Nilimtania mbele ya wageni: "Fundi kompyuta ni mimi, programu unaandika wewe?" Alicheka pamoja nao. Nikikikumbuka kicheko kile sasa, naona kilikuwa cha adabu tu.

Kuziweka tu zana za kazi kulimla wiki tatu. Bando lilikwisha upakuaji ukiwa umebakiza kidogo, akaanza upya. Ukakamilika, programu ikagoma kusakinishwa kwa sababu kulikuwa na toleo la zamani ndani. Akaliondoa, ikagoma kwa sababu nyingine. Kila kosa aliliandika kwenye daftari: ujumbe ulisemaje, yeye alijaribu nini, ikatokea nini. Aliyasoma yale maneno mekundu mstari kwa mstari, bila hasira, kama anavyosahihisha mtihani wa mtoto aliyekosea lakini alikuwa na njia. Mimi ujumbe wa kosa sijawahi kuusoma mpaka mwisho. Nabofya OK.

Mama yake anaanika dagaa kwenye mwalo wa Katonga. Dagaa wakiwa wengi, wanawake hugombania vichanja, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeanika. Programu ya mke wangu ilikuwa ya kuwapangia zamu. Mwanamke anatuma ujumbe kwa simu yake ya batani, anajibiwa kichanja chake ni kipi na siku gani, na mvua ikinyesha zamu zote zinasogea zenyewe. Aliijaribu kwa mama yake na wenzake wanne, ikawajibu. Mama mkwe alinionyesha ule ujumbe kwenye simu yake mara tatu kwa siku moja.

Ndipo kampuni moja ya Dar es Salaam ikatangaza inatafuta waandishi wa programu watakaofanya kazi popote walipo, hata Kigoma. Akaomba bila kuniambia. Akapita mchujo wa kwanza, akapita wa pili. Wa mwisho ulitaka kila mtu apeleke programu nzima aliyoitunga mwenyewe, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Hapo ndipo aliniambia, na usiku ule hakuna aliyekula vizuri nyumbani kwetu Rusimbi, kwa furaha.

Jumatano, siku mbili kabla, alikuja dukani saa nane mchana akiwa na vumbi la chaki mikononi. Kile anachokiita kihariri, programu anayoandikia, kilikuwa kinaganda. Kilifunguka, kikakaa kidogo, halafu ukurasa ukapauka na maandishi juu yakasema haijibu. Akibofya, kimya.

"Nimejaribu mara sita," alisema. "Nadhani ni kile kiongezo, kijiprogramu cha ndani yake, nilichokiweka Jumapili. Nataka nikizime, ila kinaganda kabla sijakifikia. Kuna namna ya kukifungua bila viongezo, nilisoma mahali. Hebu nitafutie kwenye simu yako, langu bando limekwisha."

Hilo ndilo aliloniomba. Kutafuta kwenye simu.

"Niachie mashine," nikasema. "Hiyo windo imechoka."

"Haijachoka, baba watoto. Usipige windo. Nina kipindi cha ziada, nitarudi saa kumi na moja. Nisubiri."

Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili. Mmoja, mzee mstaafu ambaye huja kila siku hata kama hana kompyuta ya kutengeneza, alimsubiri mke wangu atoke kisha akacheka. "Fundi, leo umepata bosi! Tena bosi anajua ugonjwa kukushinda."

Nilicheka nao. Lakini lilinichoma, na sitajifanya halikunichoma. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti kile kabla mke wangu hajajua kuwasha kompyuta, na sasa ananipangia mbele za watu nisifanye kazi yangu. Ningeweza kutafuta kwenye simu. Simu ilikuwa mfukoni na ilikuwa na bando. Badala yake nilifungua D yake, nikaona jalada kubwa limeandikwa Kazi Zangu, na ndani yake maandalio ya masomo, mitihani, picha za watoto wetu. Nikajiambia vitu vyake vyote viko salama, kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe. Nikachomeka flashi.

Aliporudi mashine ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nimeifuta hata kioo. "Kaa hapa," nilimwambia, kwa sauti ya kutosha kufika kwenye benchi. "Nimekuwekea na kihariri kipya. Jaribu kama kitaganda."

Hakikuganda. Alikaa akakitazama, halafu akaanza kutafuta. Alitafuta taratibu, mahali pamoja, kisha pengine, kisha akarudi pale pale pa kwanza. Mikono yake ilitoka kwenye vitufe ikatua mapajani.

"Umefuta C," alisema.

"C ni ya mfumo."

Basi akanieleza, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alinieleza vizuri, kama mwalimu. Zana alizokuwa akitumia zinahitaji mfumo wa pili unaoishi ndani ya windo, umejificha kwenye C. Programu yake yote ilikuwa mle ndani, kwa kuwa ukiiweka D inajikokota mpaka haifai. Nakala ya mtandaoni ilikuwepo, lakini ya miezi mitatu nyuma. Tangu hapo ile hifadhi ilikuwa inamkatalia kuingia, naye alikuwa amepanga kushughulika nayo akishamaliza.

"Nilikwambia haya mwezi wa Ramadhani," alisema. "Ulikuwa unaangalia mpira."

Mzee wa kwenye benchi aliaga akaondoka.

Alhamisi sikufungua duka kwa wateja. Nilijaribu kila programu ya kufufua vilivyofutwa, na nilizonazo ni nyingi, nimezikusanya miaka yote. Zilinirudishia picha zilizokatika nusu na majina ya mafaili yasiyo na kitu ndani. Diski za siku hizi zikifuta zimefuta, na hilo nililijua, nimewahi kuwaambia watu hivyo huku nikiwapa pole. Lakini niliendelea, kwa sababu kuacha kulimaanisha kwenda nyumbani.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameomba ruhusa shuleni na alikuwa anaandika upya kwenye mashine niliyomwazima dukani. Mama yake alifika na dagaa kwenye mfuko, akaambiwa.

"Si aandike tena?" mama mkwe aliuliza. "Kwani amesahau alichokiandika?"

"Oya, mama," mke wangu alisema kwa Kiha, yaani hapana, bila kuinua kichwa. "Siyo barua."

Mama mkwe alinitazama, kisha akaingia jikoni kuchambua dagaa. Ningefurahi kama angenitukana. Waha wana maneno ya kumwambia mkwe wa namna yangu, na anayajua yote.

Ijumaa saa tano na nusu programu ilikuwa inaweza kumpokea mwanamke mmoja na kumpa kichanja kimoja. Zamu hazikusogea. Mvua ilikuwa haijulikani. Mke wangu alikaa mbele yake akiwa ameshika tama, halafu akaifunga na kuwaandikia wale watu ujumbe. Nilisimama nyuma yake nikausoma. Aliandika kwamba kompyuta yake ilipata hitilafu na anaomba radhi. Hakuandika mume wangu. Nilitaka aandike. Nilitaka mtu mmoja huko Dar es Salaam ajue kwamba huyu mwanamke hakuwa mzembe, kwamba alisema usipige na mwanamume akapiga. Lakini sikuwa na ujasiri wa kumwambia aongeze sentensi hiyo. Walimjibu kwa upole kwamba nafasi nyingine zikitokea watamkumbuka. Jumatatu alirudi kufundisha kwa kujitolea, mwaka wa saba.

Miezi miwili baadaye mwanachuo mmoja aliniletea mashine yenye ugonjwa ule ule. Kihariri kile kile, ukurasa unapauka vilevile. Mkono wangu ulishakwenda kwenye droo ya flashi, ukarudi wenyewe. Nilitoa simu, nikatafuta. Jibu lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha: kuna amri fupi ya kukifungua kihariri bila viongezo. Nikaiandika, kikafunguka, nikavizima viongezo vyote na kuviwasha kimoja kimoja mpaka mkorofi akajulikana. Mwanachuo alikuwa bado anamalizia soda yake. Aliniita mtaalamu. Nilimwambia aondoke, kwa ukali asioustahili hata kidogo, na nilibaki nimekaa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda.

Sikumwambia mke wangu. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini hawasemi mwenye sikio afanye nini akishapona, na aliyempa dawa ni yule yule ambaye yeye alimuumiza. Mwaka mzima nilikaa na siri hiyo kitandani. Kwamba alikuwa sahihi, si kwa kubahatisha, sahihi neno kwa neno, na kwamba dawa ilitoshea kwenye mstari mmoja.

Yeye hakuninunia, hilo nalo liandikwe. Alinipakulia chakula, aliniuliza habari za kazi, alicheka palipochekesha. Alianza tena kuandika. Nilimwona asubuhi za Jumapili, laptopu ikiwa imegeuzwa upande ambao sikuweza kuona. Kuna siku nilisikia akisonya, nikajua imeganda.

"Niitazame?" nikamwuliza.

"Hapana, ni kitu kidogo."

Jumamosi iliyofuata yule mzee wa benchi ndiye aliyeniletea habari, tena kwa furaha kabisa. "Shemeji nimemwona kwa yule fundi mwenzako wa nyuma ya soko. Ana laptopu."

Kwa wasiotujua, mke wa fundi cherehani hawezi kupita Mwanga na gauni lililoshonwa na fundi mwingine. Ni sawa na kubandika tangazo mlangoni kwa mumewe. Damu ilinipanda. Nilimwacha mzee na duka lililo wazi, nikakata katikati ya akina mama wa mawese na majaba ya dagaa, huku nikipanga maneno. Nilikuwa na maneno ya huyo fundi, kijana niliyemtangulia miaka mingi, na nilikuwa na maneno ya mke wangu pia. Kwamba mimi ni mumeo. Kwamba ungeniambia.

Mlango wake una pazia la kitambaa. Nilifika nikiwa nimeshainua mkono kulifungua, nikasikia sauti ya fundi.

"Sawa dada, umesema inaganda. Sijaigusa. Kwanza niambie, kazi zako zinakaa wapi humu ndani?"

Kisha mke wangu akaanza kumwambia. Alianzia mbali, kwenye ule mfumo wa pili na kwa nini aliuchagua, akaingia kwenye vichanja, zamu na mvua. Alisema haraka, akijikatiza na kujirudia, na fundi alikuwa anaitikia ehe, ehe, na mara mbili aliuliza swali la mtu aliyeelewa. Nimeishi na mke wangu miaka kumi na mmoja na nilikuwa sijawahi kumsikia akiieleza programu ile mpaka mwisho.

Nilisimama pale nje nikaisikiliza yote. Ilikuwa programu nzuri.