Mrija Nilioukataa

Juma lililopita nililetewa habari kwamba mzee aliyekuwa akiwaonyesha wageni vitu vya kale katika nyumba ya makumbusho hapa Bujumbura amefariki kwa homa. Ninyi mliozoea ukurasa huu mnajua kwamba sikusoma. Mimi hutamka, mjukuu wangu huandika. Leo nimemwamuru asiruke neno.

Nilikutana na marehemu siku moja tu. Mjukuu wangu, wakati huo akiwa na miaka tisa, alitaka kuviona vyombo ambavyo humsikia bibi yake akivitaja. Tukashuka kutoka mtaani kwetu Kanyosha asubuhi ambayo milio ya risasi ilikuwa imenyamaza. Ndani hamkuwa na mtu mwingine, lakini vyungu, vinu na mitungi ya maziwa ilikuwa imefutwa vumbi kama nyumba inayongoja harusi.

“Hii chungu umeiweka mubaya,” nilimwambia.

“Basi iweke we mwenyewe, mama. Mi naipigania miaka kumi, inanikatalia.”

Tulicheka. Akaleta kibuyu cha mutobe, yale maji ya ndizi yasiyolevya, akamimina katika chungu kidogo na kuchomeka mirija mitatu. Akavuta yeye kwanza, kama desturi inavyomtaka mwenyeji, ili mgeni ajue hamna sumu. Nami nikamwambia tunatoka Kanyosha, nikamwuliza yeye anakaa wapi. Akautaja mtaa wake. Siku zile jina la mtaa lilitosha kutuambia mtu ni wa upande gani, na huko ndiko tulikoamini walitoka waliochoma nyumba ya dada yangu. Mjukuu wangu alikuwa ameshanyosha mkono kwenye mrija. Nikaupiga mkono wake.

“Apana! Usikunywe!”

“Lakini bibi, yeye amekunywa…”

“Nimesema apana.”

“Ni mutobe tu, mama,” mzee alisema taratibu.

Nikamvuta mjukuu wangu, tukaondoka. Nilipogeuka mlangoni, alikuwa ameinama anakunywa peke yake, na mirija miwili imesimama mbele yake. Kwetu, kukataa kinywaji alichokionja mwenyeji ni kumwita muuaji mbele ya uso wake. Nililijua hilo vizuri. Ni mimi ninayewafundisha wengine adabu.

Nilikwenda msibani pamoja na mjukuu wangu. Mjane aliposikia tunatoka Kanyosha, alinishika mikono yote miwili.

“Ni we mama wa chungu! Alituambia ulikunywa naye, ukasema mutobe ni mutamu kabisa. Miezi mingi hakupata mugeni, siku ile akarudi anacheka!”

Waombolezaji walinitazama kwa heshima. Mimi, niliyewachapa wanangu kwa uongo mdogo kuliko huo, niliinamisha kichwa nikapokea shukrani. Nilipopewa mrija, nilikunywa.

Tumezoea kuwahesabia dhambi za vita hivi wenye bunduki peke yao. Sijawahi kushika bunduki. Hata hivyo, katika nyumba iliyotunza vyombo ambavyo wazee wetu walinywea pamoja, nilimfundisha mtoto kumwogopa mtu aliyemkaribisha.

Mama mfiwa, najua utasomewa haya. Mumeo alinisitiri hata kwako. Sikunywa. Nitakuja tena nikuambie kwa kinywa changu, na nikifukuzwa nitaondoka bila neno. Nitakuja na mjukuu wangu, kwa kuwa mkono nilioupiga ndio unaoandika haya, na mwenye mkono huo anapaswa kumsikia bibi yake akiomba radhi.