Viti vya Mawe Mepesi

Serikali ya kikoloni ilipofunga msitu wakati wa Hali ya Hatari, mimi seremala wa Makutano, mjini Meru, nilibaki na randa na misumari bila mbao. Watu nao walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, nyumba zimebanana, ndani hamna hata kigoda. Jirani yangu, mwashi Mwislamu aliyezaliwa hapo hapo mjini, akaanza kumwaga viti vya simiti. Nilicheka. Kiti kimoja kilitaka wanaume wawili kukisogeza.

Aliyegeuza mambo ni mke wangu. Kwao ni Muthara. Siku moja alisimama uani kwa mwashi akamwambia, "Fundi, kwetu kuna mawe mekundu yenye vitundu vitundu kama mkate. Mtoto anabeba debe zima. Yaponde, uyatie badala ya kokoto."

Niliyasikia nikiwa upande wangu wa ua wa mabati. Tulipokaa kula nikamuuliza, "Mbona hayo hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Ukasema seremala hana kazi na mawe."

Kwenda Muthara kulihitaji pasi, kibali cha kusafiri. Mimi nilinyimwa, kwa kuwa kwetu ni ukingoni mwa msitu walikojificha wapiganaji; mwashi akapewa. Alikwenda na lori la muuza nyama, akarudi na magunia ya mawe na salamu za wakwe zangu. Walikuwa wamemchinjia kuku. Mimi, nilipokwenda kuposa, nilipewa uji. Kuku yule alinikwama kooni, nami sikumwonja.

Kiti kipya kilipokauka, mke wangu alikiinua kwa mkono mmoja akazunguka nacho uani, akicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia miaka mingi. Watu wakaja. Nilisimama mlangoni kwangu nikiwatazama wanawake wakipita na viti vichwani, nikiomba kimoyomoyo angalau kimoja kianguke.

Meza ndizo zilizomshinda mwashi. Zilipasuka katikati kila alipozinyanyua. Mke wangu akanijia.

"Kalibu anayomwagia simiti ni mbaya," akasema. "Wewe unajua meza."

Ningeweza kukataa. Lakini niliona heri nikae katikati yao kuliko kuwasikiliza kupitia mabati. Nikabomoa kabati letu, nikatengeneza kalibu: uso mwembamba, chini yake mbavu mbili za kuubeba, miguu minene juu na myembamba chini. Mwashi akachanganya nyuzi za mkonge ndani ya simiti ili ishikane. Tulipofungua, meza ilitoka nzima. Muuza nyama, mtu mzito kuliko wote sokoni, akapanda juu yake na viatu vyake. Ikamhimili.

"Hongera, fundi!" akamwambia mwashi, akimpa mkono.

"Umbo ni la huyu," mwashi akajibu, akinishika bega.

Muuza nyama akaniitikia kwa kichwa tu. Wema wa mwashi uliniuma zaidi kuliko kama angenyamaza.

Baadaye mwashi aliitwa Kanja, upande wa Embu, kutengeneza madawati ya shule, akahama na jamaa yake. Nilimsaidia kupakia vyombo kwa furaha ambayo nadhani aliiona. Nilidhani sasa nitapumua. Kumbe mke wangu alikuwa ameshajifunza kuponda, kuchanganya na kupima ulaini kwa kiganja. Akaanza kumwaga benchi zake mwenyewe, zenye egemeo lililopinda kidogo kufuata mgongo wa mtu mzima. Hilo hakulipata kwa mwashi wala kwangu. Nililitazama sana lile egemeo, nikitafuta kosa, nikalikosa.

Wateja waliponikuta mlangoni na randa yangu walinisalimia kwa heshima, halafu wakauliza, "Mama yuko?"

"Yuko nyuma."

Wakanipita. Nami nikachukua debe nikaenda kuteka maji, maana alikuwa ameshaniita mara mbili na simiti ilikuwa inaanza kushika.