Jeshi Lililotoka Masasi

Juzi, kwenye televisheni ya mgahawa mmoja pale Mkomaindo, mjini Masasi, niliwaona tena wale askari wa farasi.

Mara ya kwanza niliwaona utotoni, alasiri, katika kibanda cha video cha kwetu Kitangari, juu mlimani, kilichonuka petroli ya jenereta. Mtafsiri alipaza sauti juu ya filamu: "Ngome imezingirwa, maji yamekwisha, lakini jeshi limeshatoka Masasi, linapanda mlima." Watu wazima walicheka. Mimi niliamini. Jenereta ikazimika kabla jeshi halijafika.

Nilikimbia nyumbani, kwenye chumba chenye harufu ya mwarobaini, alikolala mama.

"Mama, vumilia. Askari wanakuja na farasi, wanapanda mlima."

Alikohoa. "Basi wawekee maji, mwanangu. Watafika na kiu."

Nikamimina kwenye beseni ndoo nzima ya maji tuliyoyafuata bondeni, nikakaa mlangoni nikisikilizia tarumbeta ya jeshi. Jioni kikohozi kilikoma. Nilidhani amepata nafuu. Shangazi alipoanza kulia, beseni lilikuwa bado limejaa.

Juzi niliitazama filamu hiyo hadi mwisho, bila mtafsiri. Tarumbeta ililia, farasi wakafika. Ngomeni hapakuwa na mtu wa kufungua lango.