Ufito Mahali Mafuta na Spiriti Vinapokutana

Tangu dhoruba ivunje daraja na malori ya dizeli yaache kufika mjini Jagna, mashine ya kukobolea mpunga ya Ruperto Acedo ilikuwa imenyamaza. Magunia ya mpunga wa kunata yalijaa barazani, na sikukuu ya mtakatifu wa parokia ilikuwa imebisha hodi. Bila mchele ule hapangekuwa na kalamay, na sikukuu isiyo na kitamutamu hicho kizito cha tui na sukari ni arusi isiyo na bibi arusi.

Mkewe Iluminada, ambaye wadogo wake wote walimwita Nang Luming, yaani dada Luming, alikuwa amemaliza ujana wake akisonga kalamay. Siku hizi alitunza mitambo ya ushirika wa nazi, na humo mlikuwamo kimashine kilichotolewa na chuo kimoja, cha kugeuza mafuta ya nazi kuwa dizeli. Spiriti iliyoyeyushiwa magadi ya sabuni huelea juu ya mafuta, visipatane kamwe. Ufito wake wa chuma, ukitetemeshwa na mawimbi ya sauti isiyosikika kwa sikio, huvilazimisha vichanganyike na kugeuka kitu kipya. Luming aliamua kujaribu kuinywesha mashine ya mumewe dizeli hiyo.

"Ukiniharibia injini, utakoboa kwa meno," Ruperto alimwonya.

"Mimi ninayo, baba. Wewe je, kibogoyo?" akajibu mkewe.

Luming alifungua madirisha, akauzamisha ufito hadi karibu na kitako cha chupa ya mafuta na spiriti, jinsi msonga kalamay anavyoushusha mwiko chini ili sufuria isiungue. Ufito ulichachatika kama kikaango. Alipouzima, mafuta yalikuwa na joto, lakini spiriti ilikuwa ingali juu, imejitenga.

Pacing, dada yake Ruperto, alicheka hadi akashika mbavu. "Wifi, umepasha mafuta moto tu! Leta ndizi tukaange."

"Tuanze na ulimi wako."

Alijibu hivyo, lakini moyo ulikuwa mzito. Akawasha tena, akaanza kuuinua ufito polepole, akichungulia. Ulipofika mahali vimiminika viwili vinapogusana, wingu jeupe likafumka, likatanda.

"Pacing! Njoo uone! Si chini, ni hapa katikati!"

Mkono wake ulitamani kushuka kwa mazoea ya miaka. Akaukaza papo hapo mpaka chupa nzima ikawa nyeupe kama tui. Akaiacha itulie. Majimaji ya kahawia, mazito kama asali, yakazama, na juu yake yakabaki mafuta mepesi ya rangi ya majani makavu. Akaendelea chupa baada ya chupa, akayaengua mafuta hayo, akayaosha kwa maji, akayakausha kwa moto mdogo.

Asubuhi Ruperto aliyamimina kwenye tangi huku akinong'ona sala. Injini ikakohoa, ikasita, kisha ikanguruma, na harufu ya maandazi ya nazi ikaenea uani.

"Mke wangu," alisema, akifungua gunia la kwanza, "injini hii inanitia njaa."

"Basi koboa upesi," akajibu Luming. "Majirani wameshafika na magunia yao, nami nina kalamay ya kusonga."